Pima Betri Kwanza, Mwanangu

Wanangu, kaeni kidogo. Nitakayoyasema nimeyasema mpaka sauti imekauka, lakini nitayarudia bila hasira, maana bado nauona moshi. Kontrola za mota mnazozinunua kwa kujinyima nauli na chakula cha mchana haziungui kwa kurogwa, na mara nyingi hazikuwa mbovu zilipotoka dukani. Zinaungua kwa sababu hakuna aliyeuliza volti ya betri, au aliyeuliza aliridhika na maandishi ya ubavuni.

Maandishi hayo ni makadirio tu. Betri ya asidi ya volti 12, ikijaa na kutulia, hukaa karibu 12.7, na ikiwa kwenye chaja hupanda hadi 14.4 hivi. Seli tatu za lithiamu mlizozichomoa kwenye betri za kompyuta mpakato, mkiziunga mfululizo, huhesabiwa 11.1, lakini zikitoka kwenye chaji ni 12.6. Zikiwa nne huhesabiwa 14.8, na zikijaa ni 16.8. Paneli ya sola ya volti 12 ndiyo yenye hila kuliko zote: juani, bila mzigo, hufikia volti 21 na zaidi, na nimeona vijana wakiiunga moja kwa moja kwenye roboti. Kontrola hupokea kilichopo kwenye waya dakika ile swichi inapowashwa, na dakika ile kwa kawaida betri imetoka tu kujazwa, kwa sababu nani anaanza majaribio na betri iliyoisha?

Tazameni TB6612FNG. Ni chipu ninayoipenda, haipotezi umeme ovyo. Lakini aliyeitengeneza ameshauri volti ya mota isizidi 13.5, na 15 ndipo panapoanza kuharibika. Seli tatu za lithiamu, sawa. Betri ya asidi peke yake, sawa. Betri hiyohiyo ikiwa bado imeshikwa na chaja, mmeshavuka kiwango cha kazi na mnakaribia kile cha kuharibika. Seli nne, sahauni. DRV8833 iko chini zaidi, mwisho wake ni 10.8, hiyo ipeni seli mbili, msiipe ya tatu hata kwa dakika moja ya kujaribu.

Hapo ndipo mnaponijibu: "Mzee, basi tutumie L298N, imeandikwa volti 46." Ni kweli imeandikwa, na kwa volti ni ngumu kufa. Tatizo lake ni jingine, na ndilo linalowachanganya wengi. Ndani yake mna transista za mtindo wa zamani zinazokula sehemu ya volti kabla haijafika kwenye mota. Ikipitisha ampea moja hupotea volti 2, pengine 3. Ikipitisha mbili, inaweza kupoteza karibu 5. Volti hizo zinageuka joto, ndiyo maana lile bati la kupozea halishikiki. Basi mtu anaweka betri nne ndogo za kuchajiwa, jumla volti 4.8, anaunga zile mota za njano ambazo zinataka volti 3 hadi 6, kisha ananiletea roboti inayojikokota na kusema mota ni mbovu. Mota ni nzima. Zinafikiwa na volti 3 au pungufu.

Na kuna mtego wa upande wa pili, ambao sioni watu wakiutaja. Seli mbili za lithiamu zilizojaa ni 8.4. Zikipita kwenye L298N, mota ya njano hupata 6 na kitu, inafanya kazi vizuri. Siku mnapobadilisha na kuweka TB6612FNG kwa nia njema ya kuokoa betri, mota ileile sasa inapata karibu volti 8 zote. Inakimbia mnafurahi, kisha brashi zake zinakwisha kabla ya wakati. Dawa ipo: punguzeni kiwango cha juu cha kasi ndani ya programu, kisivuke robo tatu. Lakini fahamuni kwamba programu huilinda mota peke yake. Kontrola yenyewe inaendelea kubeba volti kamili ya betri kila inapofunga na kufungua.

Ampea nazo zina adabu yake. Betri husukuma volti, mota huvuta ampea kadiri inavyohitaji, na huvuta nyingi kabisa ikiwa imesimama: inapoanza, au gurudumu linapokwama kwenye mchanga. Hesabu ni nyepesi, gawanyeni volti kwa ukinzani wa mota. Mota ya waipa yenye nusu omu, kwenye volti 12, itavuta ampea 24 ikikwama. Ileile kwenye volti 24 itavuta 48, na joto ndani yake litakuwa mara nne. Mkiigeuza ghafla kurudi nyuma ikiwa kwenye kasi kamili, kwa kitambo kidogo inaweza kuvuta karibu maradufu ya ile ya kukwama. Nawasihi, wekeni kituo kifupi ndani ya programu kabla ya kugeuza.

Nimetaja waipa kwa sababu najua mnazipata kwa wauza vipuri chakavu, Gerezani kwa wa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa wa Nairobi. Ulizeni imetoka kwenye gari gani. Ya gari dogo ni ya volti 12. Ya lori kubwa kama Scania ni ya 24, na mkiipa 12 itakwenda nusu kasi, si kosa lake. Mkiamua kuipa 24 zake, kontrola ya BTS7960 huuzwa kuwa ni ya volti 5.5 hadi 27. Betri mbili za asidi zilizojaa ni 25.4. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno, na mota inapofungwa breki hugeuka jenereta, inarudisha umeme ulikotoka na kuipandisha volti. Betri inaweza kuumeza umeme huo. Adapta ya mezani kwa kawaida haiwezi. Kuhusu ile namba 43 ya ampea mnayoonyeshwa dukani, ni mahali chipu inapojikinga isiungue. Msiichukue kuwa mzigo wa kubeba mchana kutwa.

Waya kati ya betri na kontrola ziwe fupi na nene. Kapasita karibu na kontrola iwe ya volti kubwa kuliko ya betri iliyojaa. Kwa betri ya 12 wekeni ya 25 au 35, msiweke ya 16. Fyuzi msiiruke. Na kwenye ile bodi ya L298N, betri ikizidi volti 12, ondoeni kile kijumpa cha 5V, mlishe upande wa 5V kwa njia nyingine.

Kinachonichosha, kusema kweli, ni mpangilio. Mnaanza kwa kununua kontrola kwa sababu ndiyo iliyokuwepo na bei ilikuwa nafuu, halafu mnatafuta betri ya kuifaa, na mota mnaikumbuka mwisho. Anzeni na mota: inataka volti ngapi, inavuta ampea ngapi ikikwama. Kisha betri, ipimeni ikiwa imetoka kwenye chaji. Kontrola ije mwisho, iwe na nafasi juu ya namba zote mbili. Mimi huacha angalau robo. Na kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nawaomba kinunuliwe kipimo cha umeme, kontrola ingoje.