Mahali pa Mtu na Anwani ya Simu

Simu iliyoko Dar es Salaam, ikiwashwa VPN yenye seva Amsterdam, inaweza kumwonyesha mwenyewe manyunyu na nyuzi 9 za joto wakati nje jua la Januari linachoma. Hakuna kilichoharibika. Programu ya hali ya hewa imeuliza simu iko wapi, ikajibiwa, ikaleta utabiri wa mahali palipotajwa. Kosa liliingia kabla ya utabiri, kwenye swali linaloonekana jepesi kuliko yote: mwenye simu yuko wapi? Swali hilo ni la kale katika falsafa, na katika dini lina uzito wa hukumu, kwa sababu sala, saumu na kibla hufuata mahali mtu alipo.

Simu hupata mahali kwa njia mbili zisizolingana kwa uzito. Ya kwanza ni kupima. Kipokezi cha GPS hunasa mawimbi ya setilaiti zilizo kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kikalinganisha muda ambao mawimbi ya setilaiti nne au zaidi yametumia njiani, kikakokotoa kilipo. Minara ya simu na Wi-Fi za jirani husaidia kazi hiyo. Ya pili ni kukisia kwa anwani ya IP, ile namba ambayo kifaa hujulikana nayo kwenye intaneti. Programu iliyonyimwa ruhusa ya kusoma mahali, au tovuti iliyofunguliwa kwenye kompyuta isiyo na GPS, mara nyingi hubaki na njia hii ya pili tu. VPN haiigusi GPS. Inachofanya ni kuipitisha data, ikiwa imefumbwa, hadi seva ya mbali, na wote walio upande wa pili huona anwani ya seva hiyo. Ndiyo maana simu moja inaweza kuonyesha ramani ya Kariakoo bila kukosea na papo hapo kuleta hali ya hewa ya Uholanzi.

Anwani ya IP haikuundwa ili kutaja mahali. Hugawiwa kwa mafungu. Barani Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, ambayo huwapa watoa huduma, nao huwapa wateja. Ni kama sanduku la posta: barua inafika, lakini namba ya sanduku haisemi mwenyewe analala mtaa gani. Wapo wanaouza kanzidata za mahali, wakikusanya dalili na kukisia fungu hili la anwani linatumika wapi, na kisio likishaandikwa kwenye jedwali hufanana kabisa na ujuzi. Marekani, kampuni moja ya kazi hiyo ilizielekeza anwani ambazo haikujua lolote kuzihusu, ila kwamba ni za nchi hiyo, kwenye nukta moja karibu na kitovu cha nchi. Nukta ikaangukia shamba moja jimboni Kansas. Jambo hilo lilipofichuliwa mwaka 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimebandikwa hapo, na kwa miaka mingi wakazi wa shamba walikuwa wakijiwa na polisi na watu wenye hasira waliowadhania wezi na matapeli. Kampuni ikaihamishia nukta ziwani. Jedwali halikukusudia kumshtaki mtu yeyote. Lilidai tu kila safu ijazwe, na pale ambapo jibu la kweli lilikuwa "haijulikani" likawekwa shamba la watu.

Je, utabiri wa Amsterdam uliosomwa Dar es Salaam ni uongo? Kwamba Amsterdam kuna mvua inaweza kuwa kweli tupu. Lakini anayetupia jicho kioo cha simu hasomi habari za Amsterdam. Anasoma kwamba hapa kuna mvua. Mwanafalsafa David Kaplan, katika maandishi yaliyosambaa tangu 1977 na kuchapishwa 1989, alionyesha kwamba "mimi", "hapa" na "sasa" hujazwa na anayesema, mahali anaposemea na wakati anaposema, hata sentensi "mimi niko hapa sasa" ikawa kweli kwa kila anayeitamka. Mtu hakosei kwamba yuko hapa. Hukosea hapa ni wapi. John Perry, katika makala ya 1979, alitoa mfano wa mwandishi wa kitabu cha kuongoza wapita porini ambaye amepotea katika pori lile lile aliloliandikia. Njia zote anazijua, na amesimama kando ya ziwa ambalo njia ya kutokea inaanzia, ila hasogei, kwa kuwa hajui kwamba ziwa lililo mbele yake ndilo lile la kitabuni. Anachokosa hakiwezi kuongezwa kwa kurefusha kitabu. Mtandao una utabiri wa karibu kila mji duniani, nao pia haukosi habari; unakosa kitu ambacho habari, hata ziwe nyingi kiasi gani, haziwezi kukitoa. Hicho hutoka kwa mwili uliosimama mahali, au kwa chombo kinachopima pale pale mwili ulipo.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha Fizikia yake, alisema mahali pa kitu ni mpaka wa ndani, usiosogea, wa kile kinachokizunguka. Kwa binadamu kinachozunguka ni hewa. Kwa maana hiyo hali ya hewa ni hali ya mahali penyewe, tena upande ule unaogusa ngozi, na mtu anayetaka kujua kama utabiri ni wa kwake ana kipimo ambacho hakuna seva inayoweza kukihamisha. Ugumu uko kwenye neno "usiosogea", kwa sababu hewa inasogea. Aristotle aliuona ugumu huo kwa mashua iliyo mtoni, ambayo maji yake hupita bila kukoma, akajibu kwamba mahali pake ni mto mzima. Jibu hilo linaacha wazi mahali pa mtu pawe papana kiasi gani, na wataalamu wa hali ya hewa hukutana na suala lile lile. Modeli ya kituo cha utabiri cha Ulaya huigawa dunia katika gridi yenye hatua za kilomita 9 hivi. Hata GPS isipokosea, utabiri unaosomwa Kariakoo unahesabiwa kwa eneo linalokwenda mbali kupita Kariakoo, na wakati wa masika mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa eneo hilo huku upande mwingine ukiwa mkavu.

Kwa Mwislamu tofauti hizi zina matokeo yanayopimika. Dar es Salaam iko karibu na longitudo ya nyuzi 39 mashariki na Kigoma karibu na nyuzi 30, ilhali saa za Tanzania nzima hufuata longitudo ya nyuzi 45. Kwa wastani wa mwaka, jua hupinduka Dar es Salaam saa 6 na dakika 23 mchana, na Kigoma saa 7 na dakika 1. Saa za ukutani ni moja, adhuhuri ni mbili. Programu ya sala inayotegemea anwani ya IP, VPN ikiwa imewashwa, inaweza kutoa nyakati za mji ambao msomaji hajawahi kuukanyaga. Kwenye kibla hatari ni kubwa zaidi. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Dar es Salaam, lakini kutoka Amsterdam iko kusini-mashariki. Dira inayofuata Amsterdam ingemwelekeza mtu wa Dar es Salaam kwenye Bahari ya Hindi.

Elimu ya Kiislamu haikulichukulia suala la mahali kuwa dogo. Mwanachuoni Al-Biruni alikamilisha mwaka 1025 kitabu kizima juu ya kupima longitudo na latitudo za miji, akiwa na haja ya kupata kibla cha mji wa Ghazna. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Kuraib, aliyeuona mwezi wa Ramadhani akiwa Sham usiku wa kuamkia Ijumaa, kisha akarudi Madina akakuta watu wameuona usiku wa kuamkia Jumamosi. Sahaba Ibn Abbas hakuukubali mwandamo wa Sham uwahukumu watu wa Madina. Wanachuoni waliojenga juu ya habari hiyo walisema kila eneo lina matlai yake, yaani mwandamo wake wa mwezi. Wengine walisema mwezi ukithibiti mahali pamoja unawatosha wote, na mjadala huo uko hai hadi leo katika misikiti ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, wanaosema mwezi mmoja unawatosha wote hawasemi kwamba mtu afuturu kwa jua la mji mwingine.

Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi mwambao wa Afrika Mashariki, yanamtaka asiyekijua kibla ajitahidi kwa dalili alizonazo, na kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kwamba akija kuyakinisha kuwa alikosea, hulipa sala. Ndani ya hukumu hiyo mna nadharia ya ujuzi. Shahidi anaaminiwa kwa sababu alikuwapo au anajua kwa njia inayoeleweka. Simu iliyopima kwa GPS ni shahidi wa namna hiyo. Simu iliyokisia kwa anwani ya seva haikuwapo popote, na asiyetofautisha moja na nyingine anafuata bila kujua anamfuata nani, ingawa jua, msikiti wa jirani na uso wa bahari viko mbele yake.

Linabaki suala la anayejificha. Nchini Uganda wengi walianza kutumia VPN Julai 2018, serikali ilipotoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii; wengine hutumia VPN kulinda siri ya mazungumzo yao. Je, kuonyesha anwani ya Amsterdam ni kusema uongo? Mwanateolojia Augustino aliuweka uongo kwenye nia ya kudanganya, na mwenye kufunika anwani yake hajatamka kwamba yuko Uholanzi. Ameuficha mlango, na mtandao ndio uliotoa hitimisho. Hoja hii inamkinga anayelinda faragha. Haimkingi anayechagua nchi fulani makusudi ili apewe haki au bei ya wakazi wa nchi hiyo, kwa maana huyo anataka hitimisho lenyewe liaminiwe.

Programu nyingi za hali ya hewa na za sala huruhusu kuandika jina la mji kwa mkono, na hapo VPN haina la kubadilisha. Ushahidi sasa unatoka kwa mtu kwenda kwenye mashine, na una nguvu kadiri mtu anavyokaa pale pale. Aliyeandika Dar es Salaam akasafiri kwa treni hadi Kigoma bila kubadilisha atasomewa magharibi zaidi ya nusu saa kabla ya jua kuzama, na katika Ramadhani atakuwa amekula mchana.