Nauli Hufikisha, Akiba Hukalisha

Ninyi vijana wa Njombe, Makambako na Ludewa mnautazama mwaka huu kama mwaka wa kuondoka.

Kila baada ya mavuno viti vya kwaya ya vijana hubaki na mapengo. Ukiuliza, "Yule wa sauti ya tatu yuko wapi?" unajibiwa, "Ameshuka Dar." Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, sensa ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, wengine kwa kuzaliwa kule kule, wengine kwa kuhamia, na miongoni mwa hao waliohamia wamo watoto niliowabatiza kwa mikono yangu.

Siji kuwazuia. Mungu wetu ni Mungu wa safari, na mji nao ni shamba lake. Nimekuja na uchungu mwingine. Napigiwa simu usiku na hao walioondoka, na simu hizo zote zina neno moja: "Mchungaji, nimekwama." Nimewasikiliza wengi, nami nawaambia mbele za Mungu kwamba hawakukwama Dar. Walikwama hapa hapa, siku ile walipohesabu pesa ya tiketi, wakaona inatosha, wakafunga begi.

Kwa hiyo sikieni, nanyi wazazi sikieni: nauli hufikisha, akiba hukalisha. Anayeondoka na nauli peke yake amepanga siku moja tu ya mwaka mzima unaomngoja.

Abramu naye alifungasha

Najua mtakalonijibu, maana mmefundishwa Maandiko vizuri. Mtasema, "Mchungaji, Abramu alitoka kwa imani bila kujua aendako. Nasi twaenda kwa imani." Haya, tufungue Mwanzo sura ya 12, tena tusiishie pale tunapopenda kuishia. Aya ya 5 inatueleza kwamba Abramu alipotoka Harani alimchukua Sarai mkewe, akamchukua Lutu mtoto wa ndugu yake, akachukua na mali yote waliyokuwa wameikusanya. Hakuijua nchi aliyokuwa akiiendea, lakini aliujua mzigo wake. Alikuwa mzee wa miaka 75, ameitwa na Mungu mwenyewe, na bado hakuondoka mikono mitupu. Wewe kijana wa miaka 20, uliyeitwa na rafiki kwa ujumbe wa simu, unapata wapi ujasiri wa kuondoka na nauli peke yake?

Na Bwana Yesu, katika Luka sura ya 14, anatupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo huketi kwanza, akapiga hesabu ya gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Litazameni hilo neno kuketi. Hesabu ya kuhama haipigwi ukiwa umesimama kwenye kituo cha basi. Inataka kiti, kalamu na daftari. Hata wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kuhesabu hakupunguzi imani, ndugu zangu. Anayehesabu anaikiri kazi ya mikono yake kuwa zawadi ya Mungu isiyopaswa kumwagwa njiani.

Basi keti, tuhesabu

Basi litakushusha Mbezi, kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilichofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya kile cha Ubungo. Umesafiri karibu kilomita 700, umechoka, na bado hujafika. Chumba cha uwezo wako huenda kiko Mbagala, Chanika au Gongo la Mboto, safari nyingine ya daladala mbili. Na chumba hicho kina lango, na lango lina bei.

Wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka ya miezi 6 kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima. Dalali aliyekutafutia chumba naye anadai kodi ya mwezi mmoja. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Hiyo ni 300,000 ya mwenye nyumba na 50,000 ya dalali, na hapo bado unalala sakafuni.

Andika godoro, chandarua, ndoo, jiko, sufuria na sahani: tuseme 200,000. Andika nauli ya kwenda: 50,000. Andika chakula, 4,000 kwa siku, yaani 120,000 kwa mwezi. Andika daladala za kuzunguka kutafuta kazi, 2,000 kwa siku kwa siku 26, yaani 52,000 kwa mwezi. Andika maji ya ndoo na umeme wa LUKU: 20,000 kwa mwezi. Hivyo vitatu vya mwisho vizidishe kwa miezi 3, utapata 576,000. Weka 100,000 ya ugonjwa, maana malaria haiulizi kama umeshaajiriwa. Mwisho kabisa weka 50,000 ya nauli ya kurudi, ambayo nitaisemea peke yake.

Jumlisha. Ni shilingi 1,326,000. Bei hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo mpigie simu mtu anayeishi kule, umuulize kodi, umuulize ndoo ya maji, kisha uweke tarakimu zako mahali pa zangu. Lakini usiifute mistari. Kila mstari utakaoufuta kwenye daftari utaulipa mjini kwa kitu kingine: kwa simu yako utakayoiuza, au kwa heshima yako.

Mtaniuliza, kwa nini miezi 3? Kwa sababu hata aliyebahatika kupata kazi wiki ya kwanza hulipwa mwisho wa mwezi, na wengi hawaipati wiki ya kwanza. Na kama unakwenda kuuza matunda au mitumba, mtaji wako uwe kwenye mfuko wake. Aliyekula mtaji kabla ya kutandaza bidhaa ameanza kwa kufilisika.

Tazama tena Abramu. Alifika Kanaani, nchi ile ile aliyoahidiwa, na aya ya 10 ya sura ile ile ya 12 inasema nchi ikaingiwa na njaa. Alikuwa ndani ya mapenzi ya Mungu, na njaa ikaja! Nani basi amekuambia kwamba kwa kuwa Mungu amekupeleka Dar, basi mwezi wa pili hautakuwa mgumu?

Gunia la tano

Wapo wanaosema moyoni, "Milioni na zaidi nitaitoa wapi?" Nasema nao kwa upole, kwa sababu nimelima viazi na najua bei ya shambani inavyoweza kumtoa mtu machozi. Lakini nenda Mwanzo sura ya 41. Yusufu alipomshauri Farao hakusema nafaka yote ifungiwe ghalani. Alisema itwaliwe sehemu ya tano katika miaka 7 ya shibe. Watu waliendelea kula, waliendelea kupanda, na ghala likajaa.

Kijana, ukiuza magunia matano ya viazi, la tano usilihesabu kuwa lako. Hilo ni la chumba cha Mbagala. Ukilipwa kibarua cha kupasua mbao siku tano, siku ya tano ulimfanyia kazi yule kijana utakayekuwa mwakani. Na wewe unayelala bado chini ya paa la baba yako, usiye na mke wala mtoto, unaweza kuweka zaidi ya hapo. Sasa ni miaka yako ya shibe, hata kama huioni shibe.

Tena usiende peke yako. Tafuta mwenzio wa kwaya, mcha Mungu, mwenye daftari lake, mpange chumba kimoja. Kodi, dalali na vyombo vikigawanywa kwa wawili, hesabu yako inashuka kwa 275,000, inabaki 1,051,000. Ukiweka 60,000 kila mwezi, ndani ya miezi 18 umeipita. Yusufu aliweka akiba miaka 7. Miezi 18 itatushinda?

Na pesa hiyo ikae wapi? Kibubu ni kizuri kwa kuanzia, lakini panya, moto na shida za jirani vyote vinajua kilipo. Peleka benki, au SACCOS, au kikundi cha VICOBA ambacho wazee wake unawajua kwa uso. Usiiache kwenye simu. Pesa iliyo kwenye simu iko karibu mno na kidole.

Hapa lazima niseme bila kuficha. Wapo miongoni mwenu ambao akiba yao ya miezi imekwenda kwenye mkeka wa kubeti wa Jumamosi moja, wakiamini timu tano zitashinda zote. Wapo waliochukua mikopo ya simu, hii mnayoiita wenyewe kausha damu, ili waharakishe safari. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Ndugu zangu, jina mmeipa wenyewe mikopo hiyo, na jina linasema kweli. Usihamie mji mpya huku damu yako imeshaanza kukauka. Aliyeingia mjini na deni ameingia akiwa na mabwana wawili, na wote wawili humwamsha alfajiri.

Nauli ya kurudi

Sasa nifikie lile lililonifanya niandike. Njaa ile ya Kanaani ilimshusha Abramu mpaka Misri. Huko, ugenini, hofu ikamshika, akamwambia mkewe aseme kwamba ni dada yake. Na Sarai akachukuliwa, akapelekwa nyumbani mwa Farao. Soma polepole. Mwanamume alipoogopa, mwanamke ndiye aliyelipa.

Binti yangu unayefuatwa hapa kijijini na mtu anayekutafutia kazi za ndani, nakusihi kama baba. Shilingi 50,000 ya kurudi nyumbani, iliyo yako, iliyofichwa, isiyojulikana na tajiri wala na aliyekupeleka, ndiyo inayokupa mdomo wa kusema hapana. Mshahara ukizuiliwa mwezi wa pili, utasema hapana. Mlango wa chumba chako ukigongwa usiku na asiyestahili kuugonga, utasema hapana, na asubuhi utakuwa Mbezi na tiketi mkononi. Nimeketi na mabinti waliorudi wameinamisha vichwa. Nilipowauliza mbona hamkuondoka mapema, jibu lao lilinikata maini: hawakuwa na nauli.

Na wewe kijana wa kiume, usiione pesa hiyo kuwa ishara ya kushindwa. Mwanzo sura ya 13 inaanza na Abramu akipanda kutoka Misri. Alirudi! Alirudi mpaka mahali pale kati ya Betheli na Ai alipokuwa na hema lake na madhabahu yake tangu mwanzo, akaliitia jina la Bwana, na ahadi ilikuwa bado inamngoja. Wangapi wamepotelea mjini kwa sababu waliona aibu kurudi, au walikosa cha kurudia? Kanisa hili halina kicheko kwa anayerudi. Lina kiti chake kwenye kwaya.

Baba na mama

Wazazi, msimwage mtoto mjini kwa kusema, "Utamkuta shangazi yako." Shangazi huyo anaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na upande wa pili wa pazia wamelala watoto wanne. Mpigieni simu kwanza, mwombeni, mkubaliane muda, na mtoto aende na gunia la mahindi na fedha ya chakula chake. Upendo wa ndugu ni wa kweli, nao unaweza kuchakaa kwa kutumiwa bila adabu.

Mfundisheni pia kutomlipa dalali wala mtu yeyote kodi kabla hajakiona chumba na hajamwona mwenye nyumba. Aandikiwe mkataba. Akishahamia, aende ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya utambulisho aliyoichukua hapa kijijini. Mtu asiyejulikana na mtaa hana wa kumtetea.

Nami nimeweka meza chini ya ule mti wa nje ya kanisa. Kila Jumapili baada ya ibada nitaketi pale. Yeyote anayetaka kuondoka mwaka huu au mwakani, aje na daftari, tuketi kama yule mjenzi wa mnara, tuandike kila mstari na tuuombee. Siku jumla yako itakapotimia, nitakuombea mbele ya usharika wote na kukusindikiza mpaka kwenye basi.

Njooni Jumapili hii. Na ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya kodi, kabla ya godoro, andikeni: nauli ya kurudi nyumbani. Amina.