Kifurushi Kizito Kutoka Nairobi

Kanisa moja dogo kule Njoro lilifanya harambee ya mitambo ya sauti. Pesa hazikutosha kununua mipya, kwa hiyo mweka hazina, mzee wa kanisa, akaingia mtandaoni. Huko alikuta spika mbili, miksa na maikrofoni, vyote vimetumika, "kutoka Uingereza", kwa shilingi 55,000. Muuzaji alikuwa Nairobi.

"Bwana asifiwe, mzee," ndivyo simu ilivyojibiwa. Aliposikia ni za kanisa, muuzaji akashusha bei hadi 45,000 bila kuombwa. Eti naye ni mwanakwaya. Hapo mzee angeshtuka. Badala yake alishukuru, kisha akaambiwa kuna mtu wa Naivasha anakuja kuzichukua jioni, labda atume 15,000 za kumzuia.

Kabla hajaweka namba ya siri, M-Pesa ilimwonyesha jina la mpokeaji, nalo lilikuwa la mwanamke. "Hiyo laini ni ya mama watoto," akaelezwa. Akatuma. Kesho yake akaletewa picha ya risiti ya kifurushi kilichopakiwa kwenye matatu ya Nakuru, na ombi la salio: mzigo ulikuwa umeshapita Gilgil. Akatuma tena.

Risiti ilikuwa ya kweli. Kifurushi nacho kilifika kizito, kimefungwa vizuri, ndani kuna matofali na magazeti. Karani wa matatu huandika kile alichoambiwa na mwenye mzigo. Si kazi yake kufungua masanduku ya watu. Mzee aliona aibu kuwaambia waumini, na alipojikaza kusema, pesa zilikuwa zimetolewa zamani.

Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi. Nauli ya kwenda na kurudi haifiki hata nusu ya ile 15,000, na vifaa vya sauti ndivyo hasa vinavyodai safari hiyo, kwa kuwa picha haitoi mlio. Ukifika, sukuma koni ya spika taratibu kwa vidole: ukisikia mkwaruzo, huenda koili imeungua. Chomeka maikrofoni kwenye kila chaneli ya miksa, moja baada ya nyingine. Amplifaya iache ipige nusu saa, maana mbovu nyingi hujizima zikishapata joto. Muuzaji akinung'unika kwamba unampotezea wakati, mwache na mali yake. Maikrofoni ya Shure SM58 huigwa mno. Halisi ina gramu 298, na bandia nyingi ni nyepesi. Beba mizani ya jikoni, wacheke wakitaka. Uliza pia risiti ya kwanza ya ununuzi, kwa sababu kupokea mali unayojua ni ya wizi ni kosa la jinai Kenya, na mitambo ya makanisa huibwa.

Kama umeshatuma, usingoje Jumapili. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja. Zikiwa bado hazijatolewa, pesa zinaweza kuzuiwa na kurudishwa. Ujumbe wa tapeli utume kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na mazungumzo yote kwenye simu. Tafadhali usiyafute kwa aibu: ndiyo ushahidi ulio nao.