Usinifufue

Katika The Dig, gemu ya kompyuta ya LucasArts iliyotoka mwaka 1995, kuna mwandishi wa habari anayeitwa Maggie Robbins. Amekwama kwenye sayari ya mbali pamoja na kamanda wa safari yao, Boston Low, na hadithi inapokaribia kilele anamwomba jambo moja tu: akifa, asirudishiwe uhai kwa fuwele zinazofufua wafu walizozikuta huko. Boston anakubali. Baadaye Maggie anakufa, na Boston anabaki amesimama mbele ya maiti, fuwele anazo. Hapo gemu inanyamaza na kukuachia kipanya. Hakuna saa inayohesabu wala alama za kuvuna. Ukitaka utabofya, usipotaka utaendelea na njia yako.

Ukikutana na mtu aliyeicheza The Dig enzi zile na kumuuliza maoni yake, hataanza na Maggie. Ataanza na malalamiko. LucasArts ilikuwa imewazoesha watu kucheka: kulikuwa na Monkey Island na maharamia wake mabwege, kulikuwa na Day of the Tentacle na kiumbe cha zambarau kinachotaka kuitawala dunia. Halafu kampuni hiyohiyo ikawaletea mawe, upepo, na watu watatu wanaosemeshana kwa hasira. Wengi waliona wamepunjwa. Mafumbo nayo yalikuwa ya kukeresha. Kuna mtambo unaouongoza kwa vitufe vya rangi bila maelezo yoyote. Kuna mifupa ya kiumbe mfano wa kasa unayotakiwa kuipanga upya, mfupa kwa mfupa, hadi ikae sawa. Fumbo lile la mifupa limetukanwa kuliko refa wa mechi ya Simba na Yanga, na mimi sina la kulitetea.

Wengine walilalamika kwa sababu ya majina yaliyokuwa nyuma yake. Wazo lilikuwa la Steven Spielberg, aliyelikusudia kwanza kwa mfululizo wake wa televisheni, Amazing Stories, akaliweka kando kwa kuwa lingegharimu mno kulipiga picha. Utengenezaji ulianza 1989 chini ya Noah Falstein, ukahamia kwa Brian Moriarty, na ukamalizwa na Sean Clark. Mwandishi wa riwaya Orson Scott Card alishiriki kuandika mazungumzo. Sauti ya Boston ni ya Robert Patrick, yule aliyeigiza muuaji wa chuma kinachoyeyuka katika Terminator 2. Ukisikia majina hayo, na ukiwa umeingoja gemu miaka sita, utataka ikuangushe kitini. The Dig haina haraka ya kumwangusha mtu. Inakutembeza. Unavuka daraja, unaingia pango, unarudi ulikotoka, na muziki wa Michael Land unakufuata polepole kama vile nao haujui unakokwenda.

Mimi ni miongoni mwa waliopenda huko kutembea. Nadhani hata wale waliochoka walikuwa wanatayarishwa kwa jambo fulani bila kuambiwa.

Hadithi yenyewe huanza na asteroidi iitwayo Attila inayoelekea Duniani. Wanatumwa watu watano kuigeuza njia kwa mabomu ya nyuklia. Wanafanikiwa, watatu wanaingia ndani ya jiwe kuchunguza, na jiwe linageuka kuwa chombo na kuwatupa kwenye sayari ya Cocytus: Boston, Maggie, na mwanasayansi Mjerumani, Ludger Brink. Wenyeji hawapo. Majengo yao yapo, mitambo yao ipo, na fuwele za kijani zenye uwezo wa kufufua wafu zipo.

Brink ndiye anayekufa kwanza, kwa kuanguka. Boston anamjaribu kwa fuwele, na Brink anaamka. Mchezaji anashangilia, maana nani asingeshangilia? Lakini aliyeamka si yule aliyelala. Anazitamani fuwele kuliko chakula, kuliko kurudi nyumbani, kuliko wenzake. Anazificha. Anamwona kila anayezigusa kuwa mwizi. Inafika mahali mkono wake unanaswa kwenye mwamba na hakuna njia ya kumtoa ila kuukata. Maggie ameyaona yote hayo kwa macho yake, na ameshajifunza lugha ya wenyeji, kwa hiyo anajua nao waliishia wapi: waliikimbia mauti hadi wakafika kwenye hali isiyo na mwili, wakashindwa kutoka. Ombi lake kwa Boston linatokana na ushahidi. Hakuomba kwa hofu ya ghafla.

Kwa hiyo ahadi iko wazi, sababu yake iko wazi, na bado wachezaji wengi sana walibofya. Hili ndilo linalonifanya niirudie gemu hii ya mwaka 1995 wakati zipo za jana zenye picha nzuri mara elfu.

Sababu ya kwanza ni mazoea. Gemu za aina hii zina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: ulichookota kina kazi yake. Kamba, ufunguo, mfupa, kipande cha bati, vyote utavihitaji, na ukikwama unajaribu kila kitu ulichonacho juu ya kila kitu unachokiona. Mchezaji mzoefu akiwa na fuwele mkononi na maiti mbele yake, mkono unakwenda wenyewe. The Dig inakusubiri hapo. Baada ya saa nyingi za kukufundisha kutumia kila kilichomo mfukoni, inakuletea tukio ambalo kitendo cha heshima ni kukiacha mfukoni. Sijui gemu nyingine ya wakati ule iliyogeuza mazoea ya mchezaji dhidi yake kwa ustadi namna hii. Na ukibofya, Maggie anaamka, anajua kilichotendeka, anakasirika, na anajirusha kutoka juu hadi kufa. Umemuua mara ya pili kwa kutotaka kufa kwake kwa kwanza.

Sababu ya pili ni upweke, na ndiyo maana nasema kule kutembea kulikuwa na kazi. Maggie akiondoka, na Brink hayupo tena, Boston amebaki peke yake kwenye sayari nzima. Nimesikia wachezaji wakijitetea kwa namna nyingi, lakini utetezi wa kweli kuliko yote ni huu: sikutaka kubaki peke yangu na ule muziki. Hawasemi walimfufua kwa ajili ya Maggie. Walimfufua kwa ajili yao.

Mpwa wangu anasomea uuguzi. Nilimpa gemu hii aicheze likizo, na nilidhani najua atakachofanya. Alibofya bila kusita. Nilipomuuliza kuhusu ahadi akanijibu, "Mjomba, wewe unaona ahadi. Mimi naona mgonjwa." Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria vya kutosha. Mtu mzima wa afya, aliyesimama kwa miguu yake, anaweza kusema leo kwamba hali fulani ikimfika asisaidiwe. Hali ikimfika kweli, wapo wanaoshika mkono wa muuguzi na kuomba wasaidiwe. Yupi tumsikilize, aliyesema jana au anayelia leo? Nikamjibu kwamba Maggie hakulia, alikuwa amekufa. "Ndiyo hivyo," akasema, "hakuwa na nafasi ya kubadili mawazo. Nimempa." Nikamkumbusha nafasi hiyo aliitumiaje. Akanyamaza kidogo, halafu akasema angalau sasa tunajua alikuwa hatanii.

Jibu hilo limenikaa kwa sababu kwetu tuliwahi kuwa na kesi ya namna hiyo, isiyo ya fuwele. Baba yangu mkubwa, Tanga, figo zilimshinda. Alikuwa akipelekwa kusafishwa damu, anarudi amelegea, siku mbili tatu anapata nafuu, anapelekwa tena. Siku moja akatuita tuliokuwa karibu, akasema imetosha. Hataki tena sindano, hataki tena gari la alfajiri, anataka kulala kitandani kwake aone mwembe wake. Alisema akiwa na akili timamu, akamtaka kila mmoja wetu aitikie kwa sauti.

Ugomvi uliofuata haukuwa kati ya wanaompenda na wasiompenda. Ulikuwa kati ya waliokuwa wakimwogesha na waliokuwa mbali. Watoto wake wawili wako Muscat miaka mingi, na simu zao zilikuwa kali: hela ipo, tunatuma leo, mpelekeni Dar es Salaam, mpelekeni India, mnamwachaje mzee? Shangazi aliyekuwa akimgeuza kitandani usiku alishika simu akawaambia, njooni mumgeuze nyinyi basi, ndipo mtajua amechoka kiasi gani. Haikuwa haki kabisa, maana kibali cha kazi na tiketi si vitu vya kuokota, na wao walikuwa wakiomba kile anachokiomba kila mtu aliye mbali, muda wa kufika. Walitaka mzee awasubiri. Kiburi kingenifanya niseme sisi tulikuwa upande wa mzee na wao upande wao wenyewe, lakini sisi tuliokuwa pale tulishamwaga machozi yetu kidogo kidogo kila siku. Ahadi kwetu ilikuwa nyepesi zaidi kuitimiza. Boston hakupewa wepesi huo. Alikuwa hapo hapo, na hapo hapo alibaki peke yake.

Baba mkubwa alifariki nyumbani. Alizikwa siku hiyohiyo kama ilivyo kwetu, na wanawe walipofika walikuta udongo. Mmoja ametuelewa baadaye. Mwingine, tukikutana kwenye harusi, tunasalimiana vizuri na kuongelea mpira.

Sasa nije kwenye lalamiko langu mwenyewe, ambalo si kasa wala vitufe vya rangi. Ni mwisho wa gemu. Boston anaingia kule walikopotelea wenyeji, anawafungulia njia ya kurudi, nao kwa shukrani wanamrudishia wenzake. Maggie anatokea, mzima. Brink anatokea naye, ila amekuwa mzee. Mambo yanamalizwa haraka, karibu kwa kucheka, chombo kiko tayari kuwarudisha nyumbani. Wachezaji wengi wamelalamika kwamba mwisho umeharakishwa, na ni kweli. Kwangu haraka ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba aliyeitunza ahadi anarudishiwa kila alichokitoa. Ulikubali kumpoteza Maggie, basi mchukue huyu hapa. Hata aliyeivunja anampata. Swali gumu kuliko yote katika gemu nzima linafutwa kama hesabu ya ubaoni kabla kengele haijagongwa.

Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Ilikuwa bidhaa ya kuuzwa, ina jina la Spielberg, na mchezaji aliyetoa jasho juu ya mifupa ya kasa alistahili kitu cha kumfurahisha. Lakini baba mkubwa hakutokea kwenye mwanga kuja kutukumbatia na kusema mlifanya vema. Hakuna aliyetuambia tulifanya vema. Ukiitimiza ahadi kama ile, malipo yake ni binamu anayekuongelesha mpira tu, na usiku wa kujiuliza kama mzee, saa ile ya mwisho alipofungua mdomo asitoe sauti, alikuwa anaomba maji au anaomba gari la hospitali. The Dig ilikuwa na ujasiri wa kunifikisha mbele ya swali hilo, kwa kubofya kipanya, miaka mingi kabla sijakutana nalo nyumbani. Ilikosa ujasiri wa kuniacha nalo. Kwa Brink tu waliacha alama ya gharama, zile mvi, na nawashukuru kwa hizo.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulitaka Maggie afe kabisa?" Nikamwambia ndiyo, afe kabisa, na Boston arudi Duniani peke yake akaieleze familia ya Maggie. Akaniita katili. Akasema waliotunga mwisho ule wana moyo, na kwamba mgonjwa akipona hakuna ndugu anayelalamika kwamba kupona kumeharibu maana. Sikuwa na jibu la haraka. Kisha akaniomba nimwekee ScummVM, ile programu inayoziwezesha gemu hizi za zamani kukubali kwenye kompyuta za sasa, kwa sababu anataka kwenda na The Dig hosteli. Darasa lao linaingia wodini muhula ujao, na anataka kujua kabla ya hapo ni wangapi kati yao watabofya.