Kikalio na Dhamana

Vyombo vingi mwanadamu huvitumia akivitazama. Mwenye kisu hutazama makali, mwenye ngalawa hutazama tanga, na mwenye kupanda ngazi hutazama kipawa kabla ya kuweka mguu. Kiti ni kinyume cha hivyo. Mwenye kuketi hukipa kiti kisogo, akakunja magoti, na kwa kitambo kidogo huwa hana msaada wa miguu wala wa mikono. Kisha huutua mwili wake wote mahali asipopaona. Kwa hiyo kuketi ni tendo la imani. Ni imani ndogo, itendwayo mara nyingi kwa siku hata ikasahauliwa kuwa ni imani. Lakini imani iliyosahauliwa ndiyo imdaiyo uaminifu mkubwa zaidi yule anayetegemewa.

Katika jamii ya viti, kiti cha kukunja hupokea wageni wengi kuliko vingine. Kiti cha nyumbani humjua bwana wake. Kiti cha kukunja hakina bwana mmoja. Leo kiko harusini, kesho kimepelekwa matangani, na keshokutwa kimepangwa mkutanoni. Hukaliwa na mzee, na mjamzito, na mtoto arukaye juu yake, na mtu mnene aliyechoka. Tena kina maumbile ya pekee: sehemu yake ya kukalia, yaani kikalio, aghalabu hufa kabla ya kiunzi. Jambo hili ni la kale sana. Mwaka 1891, katika kilima cha kaburi kiitwacho Guldhøj huko Denmark, kilipatikana kigoda cha kukunja cha karne ya 14 kabla ya Kristo. Mbao zake zilikuwa zimesalia. Kikalio chake, kilichokuwa cha ngozi ya fisimaji, kilibakia vipande tu. Miaka zaidi ya 3,000 imepita tangu kigoda kile kizikwe, na hali ni ile ile. Turubai huoza kwa unyevu, hudhoofika kwa jua, huchanika penye misumari, ilhali miguu ya mbao au ya chuma yaweza kutumika miaka mingi mingine. Kiungo kibebacho mzigo ndicho kichakaacho kwanza, na ndiyo sababu kiti cha kukunja humhitaji fundi wa pili, ambaye si yule aliyekiunda.

Dhamana ya fundi huyo wa pili ina swali zito ndani yake. Na achukuliwe kwa mfano mtu mwenye viti vya kukodisha. Vikalio vimeoza, na harusi ni keshokutwa. Humwendea fundi akasema: weka kitambaa chochote cha bei ndogo, mradi kipendeze machoni, ukipigilie misumari, nami nitakulipa. Fundi yuko huru kukubali au kukataa. Mwenye viti yuko huru kuchagua. Wamepatana kwa hiari, na hapana aliyemdanganya mwenziwe. Walakini patano lao lina mtu wa tatu asiyekuwapo. Huyo ni mgeni atakayevaa nguo yake nzuri, afike harusini, aonyeshwe kiti, na ageuze mgongo. Yeye hakuulizwa bei, hakuonyeshwa misumari, wala hakuambiwa kwamba kitambaa ni chembamba. Basi, je, yafaa watu wawili wapatane juu ya hatari itakayompata wa tatu?

Kabla ya kulijibu swali hilo ni lazima kujua uimara ni nini, kwa sababu mtu hawezi kudaiwa kitu kisichojulikana. Wengi hudhani kwamba kuimarisha ni kukaza na kunenepesha. Kiti cha kukunja hukanusha dhana hiyo. Turubai na lipite baina ya fito mbili zilizoachana sentimita 40, na mtu wa kilo 80 aketi katikati. Turubai likibonyea sentimita 11 na nusu hivi, kila upande wake huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 80. Likikazwa hata libonyee sentimita 3 na nusu tu, mvuto wa kila upande hufika kilo 230 hivi. Mtu ni yule yule na turubai ni lile lile. Kilichobadilika ni ukaidi wa kutokubali kubonyea. Nguvu hiyo yote huishia katika fito, ambazo huvutwa ndani zikutane, na katika tundu za misumari, na katika bawaba. Aliyekaza kwa kutaka nguvu amekizidishia kiti adui. Kitambaa kikishinda, kiunzi hupasuka. Na mgeni aangukaye hapati faraja kwa kuambiwa kwamba kitambaa kingali kizima.

Kwa upande mwingine, yuko fundi akimbiliaye ubao mnene. Ubao hauozi upesi kama kitambaa, wala haubonyei. Lakini kiti kilichopigiliwa ubao juu ya fito zake mbili hakikunjiki tena. Historia ina mfano wa fahari wa jambo hili. Katika kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri, lililofunuliwa mwaka 1922, kilikuwamo kiti cha enzi chenye miguu ya mkingamo iliyochongwa vichwa vya bata, kama ilivyo miguu ya vigoda vya kukunja vya Misri ya kale. Kikalio chake si ngozi bali mpingo ulionakishiwa kwa vipande vya pembe za ndovu ili kuiga madoa ya ngozi ya mnyama, na nyuma kimeongezewa maegemeo. Ni kiti kizuri mno, lakini hakikunjiki. Mfalme aliye na watumishi wa kumbebea kiti hakosi kitu kwa hayo. Mwenye viti 100 vya kupakia garini hukosa kila kitu. Fundi atoaye uimara kwa kuua kazi ya chombo hakukitengeneza chombo; amekibadili kikawa kingine, na mara nyingi bila ya kuombwa.

Kwa hiyo uimara ni uwiano. Kikalio imara ni kile kinachokubali kulegea kwa kadiri, kinachougawa mzigo juu ya kiunzi pasipo kukionea, na kinachokiacha kiti kiendelee kuwa ni kiti cha kukunja. Hili ni fundisho linalotoka katika ufundi na kufika katika tabia. Mtu mkakamavu asiyekubali kupinda hata kidogo huwavunja wale wanaomshika, naye hujisifu kwamba yeye hakuvunjika.

Sehemu kubwa ya uwiano huo imefichika. Upindo wa turubai ukishonwa mpana na kukunjwa mara mbili, kisha ukapitishiwa kijiti kinachoingia katika mfuo wa ufito, mzigo huenea katika urefu wote wa ufito. Upindo huo huo ukipigiliwa misumari michache, mzigo hukusanyika penye kila msumari, na kitambaa huanza kuchanika hapo hapo. Misumari ikipangwa katika mstari mmoja wa nyuzi za mbao, hupasua ufito. Ikipishanishwa, ufito husalimika. Pembe ya ufito isiyopigwa msasa hukata turubai kidogo kidogo kila mtu akaapo, iliyoviringwa hailikati. Uzi wa pamba katika mahali pa unyevu huoza kabla ya uzi wa polista. Na katika viti vya chuma vyenye kikalio cha mto, chini ya kitambaa cha kupendeza paweza kuwa na plaiwudi, ambayo matabaka yake hupishana nyuzi na kutiana nguvu, au paweza kuwa na ubao wa unga wa mbao, ambao hukatika vipande upatapo maji na kuachia parafujo. Machoni pa mgeni vikalio hivi viwili ni ndugu pacha. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Na kikalio kipya ni kinyemi hata kwa aliye karibu kuangushwa nacho.

Hapa jibu la swali laanza kudhihirika. Mwenye viti ana haki ya kuchagua rangi, na bei, na hata muda ambao kikalio kitadumu kabla ya kubadilishwa tena, kwa kuwa mambo hayo humpata yeye mwenyewe kwa faida au kwa hasara. Lakini usalama wa atakayeketi si mali yake, wala si mali ya fundi, kwa hiyo hawawezi kuuza wala kununua. Auzaye kisichokuwa chake hakuuza. Ametoa cha mwenziwe.

Yuko atakayejibu kwamba maneno haya ni ya watu wenye nafasi. Mwenye viti ni maskini, na fundi ana watoto. Kama kila kikalio kitadai turubai la bei kubwa, viti vitabaki bila ya vikalio, na wageni watakaa chini. Hoja hii haifai kudharauliwa, maana umaskini si kosa. Lakini inapaswa kupimwa vizuri. Kukaa chini si aibu wala si hatari. Mkeka haumwahidi mtu zaidi ya sakafu, na sakafu hutimiza ahadi yake. Kiunzi kisicho na kikalio nacho hakimdanganyi mtu, maana kila aonaye hujua kwamba hapakaliki. Kitu chenye hatari ni kile chenye sura ya ahadi pasipo nguvu ya kuitimiza. Kikalio kibovu kilichopendezwa ni kibaya kuliko kutokuwapo kikalio, kwa sababu humwita mtu aje aanguke.

Zaidi ya hayo, hoja ya umaskini husahau jambo moja. Mengi katika yale yaimarishayo kikalio hayadai fedha bali uangalifu. Kuviringa pembe kwa msasa ni kazi ya dakika chache. Kupishanisha misumari hakuongezi msumari hata mmoja. Kuacha turubai lilegee kwa kadiri hakuna bei. Upindo mpana hula kitambaa kidogo tu. Turubai kuukuu likichaguliwa penye uzima, likakunjwa maradufu na kushonwa barabara, laweza kumchukua mtu vizuri kuliko kitambaa kipya cha rangi. Fundi maskini amenyimwa vifaa vingi, lakini hakunyimwa uangalifu.

Linabaki swali la kipimo: uimara wa kiasi gani watosha? Mafundi wema hujibu kwamba fundi na akikalie kiti mwenyewe kwanza, kikimchukua, kimefaa. Jibu hili lina heshima, kwani hufanana na amri ya kumtendea mwenzio kama upendavyo kutendewa. Hata hivyo kwa kikalio halitoshi. Fundi aweza kuwa na kilo 60, na mgeni akawa na kilo 100. Fundi hukaa polepole kwa kuwa anajua anajaribu. Mgeni hujibwaga kwa kuwa ametoka safari. Na kanuni ya ufundi ni kwamba mzigo ukiachiwa ghafula juu ya kitu chenye kunepa, hata pasipo kuangushwa kutoka juu, hukilemea maradufu ya mzigo uliotuliwa taratibu. Basi kikalio cha mtu wa kilo 100 hakina budi kustahimili walau kilo 200, uzito wa mifuko 4 ya saruji ya kilo 50, na juu ya hapo iwepo akiba kwa ajili ya kuchakaa kwa siku zijazo. Nafsi ya mtu ni mwanzo mwema wa kipimo cha haki, lakini ni kipimo kifupi. Haki hutimia pale mtenda anapotoka katika uzito wake na kujipimia uzito wa mwenziwe.

Dhamana hiyo nayo ina mpaka. Fundi hawezi kudhamini kila upuuzi utakaotendwa juu ya kiti. Atakayekitumia kuwa ni jeki ya gari hana wa kumlaumu. Lakini yale ambayo watu hutenda kila siku si upuuzi usiotazamiwa. Mtoto ataruka. Mtu atasimama juu ya kikalio ili abadilishe taa. Mzee atashika ukingo mmoja wakati wa kuinuka na kuuegemeza mwili wake wote hapo. Fundi ajuaye watu hayahesabu hayo kuwa ni makosa ya wengine. Huyahesabu kuwa ni sehemu ya mzigo.

Na ikiwa mwenye viti atashikilia kutaka kitambaa chembamba, fundi amebakiwa na njia mbili za unyofu. Aweza kuikataa kazi, nayo ni hasara ya siku moja. Au aweza kuipunguza ahadi waziwazi: avitenge viti vilivyo dhaifu, vikae nyuma na kubeba vyombo badala ya watu, na vile vichache vilivyo imara ndivyo viwekewe wageni. Njia ya tatu, ya kunyamaza na kupokea ujira, ndiyo iliyo rahisi kuliko zote, na ndiyo itendwayo mara nyingi, kwa sababu mgeni atakayeanguka hatajua jina la fundi, na fundi hatausikia mshindo. Lakini kutojuana kwao hakupunguzi deni. Kumemwondolea mgeni njia ya kulidai, na deni lisilo na mdai hubaki katika mikono ya mdaiwa peke yake, alilipe au asilipe, wakati ule ule angali ameshika sindano na turubai liko magotini pake.