Je, Utupu Mtupu Upo?

Hivi, ndugu msomaji, tukisema "hakuna kitu" tunasema nini hasa?

Simama Irente, karibu na Lushoto mjini, asubuhi ya ukungu. Huoni Mazinde kule bondeni, huoni mkonge, huoni barabara. Mgeni atasema mbele hakuna kitu. Sisi wenyeji hatusogei hata hatua moja!

Shuleni tuliambiwa ombwe ni mahali pasipo na kitu: ondoa hewa yote, basi, kwisha. Kumbe fizikia ya kwanta inakataa. Inasema nafasi haitulii kamwe ikafika sifuri kamili. Daima hubaki mtikisiko mdogo usiozimika. Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir alikokotoa kwamba mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji, yakikaribiana sana ndani ya ombwe, yatavutana. Mwaka 1997 Steve Lamoreaux aliipima nguvu hiyo huko Marekani, akaikuta.

Wengi hueleza hivi: ombwe limejaa chembe dhahania, zinazozuka na kutoweka kabla hazijakamatwa. Hapo ndipo ninapogoma kidogo. Hakuna aliyewahi kuinasa hata moja. Chembe hizo ni vipande vya hesabu, na mwaka 2005 Robert Jaffe alionyesha kwamba nguvu ileile hukokotoleka bila kuutaja mtikisiko wa ombwe. Nguvu ni tukio. Chembe ni namna yetu ya kulisimulia.

Tukio na maelezo ni vitu viwili. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye friji, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alichekwa. Maelezo yake wataalamu wanayabishania hadi leo.

Je, maelezo yasiyoshikika ni uongo? Swali hili linanihusu. Nilimaliza kidato cha nne, fizikia nikaambulia sifuri, na sasa natunga riwaya. Bibi yangu huniuliza, "Mjukuu wangu, unakesha kuandika habari za watu wasiokuwepo. Huko si kusema uongo?"

Sikuwa na jibu. Juzi nikamsomea sura ya mama aliyemzika mwanawe ugenini. Bibi akanyamaza, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Yule mama hayupo. Machozi yalikuwepo.

Uongo ungekuwa kumwapia Bibi kwamba yule mama anaishi Soni, nenda ukamsalimie. Na mwanafizikia anayeapa kuwa chembe dhahania zipo kama mawe yalivyo, naona amevuka mpaka uleule. Lakini anayesema "hakuna kitu" kwa sababu tu haoni, huyo naye asitembee Irente wakati wa ukungu.

Bibi ameniruhusu niendelee. Ameniomba kitu kimoja tu: yule mama nisimuue. Mwenzangu unayeandika, wewe ungemjibuje?