Kushinda na Kupewa Kikombe

Jioni hapa Kalemie huwezi kupita karibu na uwanja wa shule bila kuona vumbi na kusikia kelele za mpira. Vijana wa koleji hucheza, wengine kwa viatu, wengine miguu mitupu, na upepo wa ziwa Tanganyika huuchukua mpira upande usiotakiwa. Wazazi wengine hunung’unika kwamba mchezo huu wapoteza akili za watoto. Sisi walimu twawajibu kwamba mpira nao ni darasa. Jibu hilo ni jema. Lakini kama mpira ni darasa, yafaa tuulize: hufundisha nini? Na kushinda, ambako vijana hukutamani sana, ni kitu gani?

Wengi watajibu upesi: kushinda ni kupata kikombe. Haya, tutazame kama ndivyo.

Mwaka 1939 mapadre Wabenedikto waliosimamia shule ya Saint-Boniface mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliwaanzishia vijana wao timu, wakaiita Saint-Georges. Timu hiyo ya shule ilikua, ikabadili majina, ikaitwa Englebert kwa jina la kampuni ya matairi. Leo ndiyo TP Mazembe. Herufi hizo mbili za mbele ni za maneno ya Kifaransa Tout Puissant, maana yake Mwenye nguvu zote. Ilijipa sifa hiyo baada ya kumaliza mashindano bila kushindwa hata mara moja. Mkristo asikiapo jina hilo hutabasamu, maana katika Nasadiki yuko mmoja tu tunayemwita hivyo.

Mwaka 1967 Englebert ilifika fainali ya kikombe cha mabingwa wa Afrika, ikakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi walitoka 1-1, na Kinshasa 2-2. Ikaamriwa wacheze mara ya tatu. Siku ilipofika, Kotoko hawakuonekana. Yasemwa kwamba wakubwa wa mpira wa kwao hawakuwapa habari. Basi kikombe wakapewa Englebert. Je, waliiba? La, kanuni ndiyo iliyowapa. Lakini je, walishinda? Kanuni yaweza kumpa mtu kikombe, haiwezi kumpa mchezo ambao haukuchezwa. Mwaka 1968 walikitwaa tena kikombe kilekile, safari hii uwanjani. Na mwaka 1970, walipokutana tena na Kotoko katika fainali, Kotoko ndio walioshinda.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 2011 timu hiyohiyo, ikiitwa Mazembe, iliifunga Simba ya Dar es Salaam katika mashindano ya mabingwa wa Afrika. Mpira uliingia wavuni, watu wote waliona. Baadaye ikaondolewa mashindanoni, kwa sababu ilimchezesha mtu asiyekuwa na haki ya kucheza.

Mwaka 1967 ilikuwako haki pasipo mchezo. Mwaka 2011 ulikuwako mchezo pasipo haki. Katika hayo mawili hakuna kushinda kamili. Ndiyo maana Mtakatifu Paulo, alipomwandikia Timoteo, alisema kwamba mshindani havikwi taji asiposhindana kwa halali. Naye aliyajua mashindano: karibu na Korintho watu walishindania taji la majani, lililokauka baada ya siku chache. Kama taji la majani lataka haki, sembuse lile lisilokauka!

Ningependa kuishia hapa, lakini nisingekuwa mkweli. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu katika koleji moja ya jimbo letu la Tanganyika, siitaji jina. Timu yetu ilikwenda vizuri mno msimu ule. Mfungaji wetu alikuwa kijana hodari kupita wote. Yeye alikuwa mwanafunzi wetu zamani, akaacha shule kwa kukosa minervali, akawa anabeba mizigo bandarini. Mmoja wetu walimu alimwandikisha kwa jina la mwanafunzi mwingine aliyehama. Mimi nilijua. Nikanyamaza, maana magoli yalikuwa matamu.

Siku moja kabla ya mchezo wa mwisho, golikipa wetu, mtoto mpole, alinijia akasema: “Bwana mwalimu, kesho tukishinda, tutamwimbia nani? Jina lililoandikwa si la yule anayefunga.” Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia yote. Timu ikaondolewa, na vijana wakalia mbele yangu.

Hapo ndipo lilipozuka swali gumu, nami mpaka leo nalishika kwa uangalifu. Kijana mmoja aliniuliza kwa hasira: “Sisi kumi tulikosa nini?” Kweli, hawakukosa kama sisi wakubwa tulivyokosa. Je, ni haki wasio na hatia walipe? Nadhani jibu ni hili. Katika timu, goli la mmoja ni furaha ya wote, hakuna anayesema, “Goli hilo si langu, nisilishangilie.” Akubaliye kugawana furaha isiyo ya mguu wake amekwisha kukubali kugawana na hasara. Lakini hilo halimwondolei mkubwa mzigo wake. Vijana walipoteza kikombe. Sisi tulipoteza haki ya kuwafundisha ukweli bila kuona haya. Hasara yetu ilikuwa kubwa zaidi, na ilikuwa ya haki.

Tena kuna mtu wa kumi na mmoja, ambaye karibu tumsahau. Ni yule mfungaji mwenyewe. Watu walimlaumu kuwa mdanganyifu. Nilipomwuliza kwa nini alikubali, aliinama akasema: “Nilitaka kuvaa tena nguo ya shule.” Neno hilo lilinichoma kuliko machozi ya wenzake. Maana kosa letu halikuwa jina la uongo tu. Tulimpitisha mlangoni kwa ajili ya uwanja, tukamfungia mlango wa darasa. Tuliutaka mguu wake, hatukumtaka yeye. Kumtumia mtu kama chombo, kisha kumrudisha bandarini mchezo ukiisha, ni dhambi ambayo refa hana filimbi yake.

Ni wale vijana, si sisi, waliosema: “Kama tulichangia jezi, kwa nini tusichangie minervali yake?” Walichanga kidogo kidogo, na walimu tukaona haya tukaongeza. Mwaka uliofuata alirudi, akaketi na watoto waliomzidi kwa masomo ingawa yeye aliwazidi kimo. Katika muhula wa kwanza alishindwa Kifaransa. Alicheza kwa jina lake mwenyewe, na timu ikawa ya tatu. Kikombe hatukupata.

Sasa nawauliza, wasomaji: katika misimu ile miwili, ni upi tulioshinda? Sisemi kwamba kikombe ni kitu kibaya. Mtoto na akitafute kwa nguvu zake zote, kwa maana mvivu uwanjani huwa mvivu na shambani. Lakini akikipata, aweze kukiinua juu kwa mikono miwili, kila mwenzake akiitwa kwa jina alilobatizwa, na pasiwepo mtu aliyeachwa nje ya mlango. Asipoweza hivyo, amepewa kikombe tu, naye hajashinda.